Mnyororo ukikatika Kitonga, nani anamlipa majeruhi?



Kama unaishi Iringa au Mbeya, au umewahi kupanda basi kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, sina haja ya kukueleza bredauni ni nini. Umeziona zimeegeshwa kando ya barabara zikisubiri simu. Lori limezima kwenye kona ya Kitonga, foleni imekwenda juu na chini, watoto wanalia ndani ya basi, na kila mtu anaulizia bredauni imefika wapi. Ikifika tunamshukuru Mungu, foleni inasogea, safari inaendelea na tunasahau.

Leo naomba tukae kidogo kwenye sehemu tunayoisahau. Bredauni hiyo hiyo iliyokuja kusaidia inapokata mnyororo katikati ya mteremko, na lori lililokuwa likivutwa likarudi nyuma na kumvunja mtu miguu, nani anamlipa? Mwenye bredauni atasema lori si lake. Mwenye lori atasema siku ile dereva wake hakuwa akiendesha, alikuwa anavutwa. Dereva atakuwa amekimbia. Majeruhi atakuwa wodini na PF3 mkononi, na ndugu zake watakuwa nje wakichangishana nauli.

Watu wengi hawajui kwamba Biblia ina sheria ya kunasua kilichokwama barabarani. Soma Kutoka 23:5 na Kumbukumbu la Torati 22:4. Ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo wake, usipite, msaidie kumwinua. Ukiona ng'ombe wa ndugu yako ameanguka njiani, usijifanye hukumwona. Kuvuta kilichokwama, kwa hiyo, ni kazi ya heshima mbele za Mungu, na nasema haya mapema ili vijana wa bredauni wasidhani nimekuja kuwashambulia. Wanaamka saa nane usiku kwenye baridi ya Mafinga wakati wewe na mimi tumejifunika mablanketi mawili. Lakini kazi ya heshima nayo ina namna yake ya kufanywa, na ikifanywa vibaya kuna mtu anayeumia.

Tukumbuke mwaka 2025 ulivyoanza. Januari, kule Handeni mkoani Tanga, watu walikusanyika usiku kwenye eneo la ajali kusaidia, na lori likaacha njia na kuwaparamia. Walikufa 11. Hawa hawakuwa walevi wala wazembe. Wengi wao walikuwa wanafanya lile ambalo wewe na mimi tunahubiriwa kila Jumapili. Mwezi Juni zamu ikawa ya Mbeya. Tarehe 7, lori lililoshindwa breki liligonga magari mengine na kutumbukia mtoni, na watu 28 wakapoteza maisha. Wenyeji wa Mbeya wanajua kwamba hilo halikuwa jambo geni, maana Julai 2018 mteremko wa Iwambi ulichukua watu 20 kwa siku moja. Iringa nao hawajasahau Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena lilipolilalia basi na kuua watu zaidi ya 40.

Ajali hizo hazikusababishwa na bredauni. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha mambo mawili ambayo kazi ya bredauni hukutana nayo kila siku kwenye barabara hii: mteremko, na watu waliosimama barabarani usiku.

Nivumilie nikueleze jambo la kifundi, kwa sababu kesi nyingi huamuliwa hapo. Breki za lori kubwa zinategemea upepo unaosukumwa na injini. Upepo ukiisha, springi hujifunga zenyewe na magurudumu hayazunguki. Huo ni ulinzi mzuri. Lakini lori lililofungwa breki halivutiki, kwa hiyo fundi huingia chini, akazilegeza zile springi kwa bolti, na mara nyingi akafungua na shafti ya propela. Kuanzia hapo lori lenye tani kadhaa za mzigo halina breki hata moja. Kinacholishikilia ni kile tu kilicholifunga kwenye bredauni. Kikiwa chuma kigumu cha kuvutia, au likiwa limenyanyuliwa mbele inavyotakiwa, sawa. Kikiwa mnyororo, fikiri mwenyewe: mnyororo unaweza kuvuta, lakini hauwezi kuzuia. Kwenye kupanda ukikatika, lori linarudi nyuma. Kwenye kushuka, hata usipokatika, lori la nyuma linamsukuma anayelivuta.

Mtu anayefanya kazi hii kwa malipo anajua haya yote. Ndiyo maana sheria humpima kwa kipimo cha mtu wa fani hiyo, si kwa kipimo cha msamaria aliyepita akasimama kusaidia kusukuma.

Tuseme kuna mama anauza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Ni mfano, lakini wauza vitunguu wa pale unawajua. Lori linavutwa kwa mnyororo, mnyororo unakatika, lori linaserereka hadi kwenye meza yake na kumvunja nyonga. Hatabeba tena gunia. Watoto wake watatu wanasoma kwa vitunguu hivyo. Huyu mama anamdai nani?

Jibu la sheria, msomaji wangu, limetoka kwenye Injili. Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake, na ndani ya chupa, kwa maelezo yake, kulikuwa na mabaki ya konokono. Akaugua. Kwa kuwa hakuwa yeye aliyenunua, hakuwa na mkataba na muuzaji wala na mtengenezaji. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malordi mjini London, na mwaka 1932 Jaji Lord Atkin akaiamua kwa kurudi kwenye lile swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu katika Luka 10: jirani yangu ni nani? Kwa maneno yetu, alisema kwamba kisheria jirani yako ni yule ambaye, ukifikiri kidogo tu kabla ya kutenda, ungeona kuwa tendo lako laweza kumdhuru. Mahakama zetu, zilizorithi mfumo huo wa sheria, zinautumia msingi huo hadi leo kila inapodaiwa fidia ya uzembe.

Kwa hiyo mama wa vitunguu ni jirani wa dereva wa bredauni, hata kama hawajawahi kusalimiana. Ni jirani wa mwenye bredauni pia, kwa sababu kosa la mfanyakazi akiwa kazini humfuata mwajiri wake. Na anaweza kuwa jirani wa mwenye lori, kama lori lilizima kwa sababu ya ubovu uliojulikana, au kama dereva wake ndiye aliyekubali livutwe kwa mnyororo ili kupunguza gharama. Mama si lazima achague mmoja. Anaweza kuwashtaki wote pamoja, na mahakama ikagawa lawama kati yao. Wakili wa upande wa pili huenda akasema mama naye aliweka meza karibu mno na lami. Hoja hiyo ikikubaliwa inaweza kupunguza fidia yake, lakini peke yake haimfukuzi mahakamani.

Hapa ndipo utasikia visingizio viwili. Cha kwanza ni deiwaka. "Siyo dereva wangu, alishika usukani siku hiyo tu." Kama alishika usukani kwa ruhusa yako na kwa kazi yako, hiyo siku moja inatosha. Cha pili ni kadi. Gari limeuzwa mara mbili lakini kadi bado ina jina la mwenye zamani, na majeruhi anazungushwa kati ya muuzaji na mnunuzi. Ndiyo maana ndugu wa majeruhi wanapaswa kuandika namba za magari yote mawili siku ile ile, na namba ya stika ya bima ya kila moja. TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ina mfumo wa kuhakiki stika kwa njia ya mtandao. Kijana yeyote mwenye simu janja anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa kwenye benchi la hospitali.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani bila angalau bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni huyo mama. Wengi wanadhani stika ni ya kumwonyesha trafiki. Hapana. Stika ni ahadi kwamba ukimdhuru mtu usiyemjua na mahakama ikaamua alipwe, kampuni ya bima itasimama. Lakini mwenye bredauni, soma mkataba wako kabla hujaufungia kabatini. Kuvuta gari la mtu kwa malipo si sawa na kuendesha gari lako kwenda sokoni, na mikataba ina masharti yake juu ya hilo. Mwambie wakala ukweli kuhusu kazi unayofanya. Ukikatia bima bredauni kama lori la kawaida ili ulipe kidogo, siku ya ajali unaweza kukuta umebaki peke yako na deni lako.

Kuna mtu wa pili katika habari hii ambaye hatumtaji, naye ni utingo. Ndiye anayelala chini ya lori kulegeza breki. Ndiye anayekimbia pembeni na gogo au jiwe la kuzuia gurudumu. Mnyororo ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kupigwa. Kwake kuna mlango mwingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015, na unamlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Unagharamia matibabu, unalipa fidia ya ulemavu, na akifa wategemezi wake wanapata pensheni. Mchango hutolewa na mwajiri, wala haukatwi kwenye mshahara. Taarifa ya madai inatakiwa ifike ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Sasa nikuulize wewe mwenye bredauni mbili na malori matatu, unayekaa benchi la mbele kanisani: utingo wako ameandikishwa? Najua jibu la kawaida, kwamba yule ni kibarua tu, leo yupo kesho hayupo. Lakini mkono wake ukibanwa kwenye winchi leo, kesho hatakuwepo kweli.

Nasema na wenye magari kwa sababu katika mikoa hii miwili wengi wao ni washarika wetu. Wamejenga makanisa, wamenunua vyombo vya kwaya, Mungu awabariki. Basi wasome Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenyewe hana hatia, ni bahati mbaya. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga tangu zamani, mwenyewe akaonywa na asimfunge, basi damu ile iko juu ya mwenyewe, na anaweza kutozwa fidia kuokoa nafsi yake. Musa hakuwa na lori, lakini alijua tofauti kati ya ajali na taarifa iliyopuuzwa. Fundi alikuambia mnyororo umechakaa? Dereva alikupigia simu kutoka Ilula akasema breki zinashika moja moja, ukamjibu ajitahidi afike Makambako? Ulionywa. Siku hizi ujumbe huo unabaki kwenye simu, na unaweza kusomwa mahakamani.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo linatuhusu sisi wahubiri. Baada ya ajali, mwenye gari hutuma watu hospitalini. Wanakuja na maji, matunda na bahasha. Wanasali vizuri. Kisha wanatoa karatasi: majeruhi aandike kwamba amepokea kiasi fulani, amesamehe, na hana madai mengine. Mara nyingine mchungaji au mzee wa kanisa yupo pale pale, na ndiye anayemkumbusha majeruhi kwamba Mkristo hampeleki mwenzake mahakamani. Mama wa vitunguu, nyonga imevunjika, dripu iko mkononi, anaweka dole gumba.

Msomaji, msamaha na fidia havigombani. Kwenye Kutoka 21:18-19, hata watu waliopigana kwa ugomvi, mmoja akaumia kisha akaanza kutembea kwa fimbo, aliyempiga anaachiwa adhabu, lakini lazima alipe siku ambazo mwenzake hakufanya kazi na agharamie matibabu mpaka apone kabisa. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji akiri, arudishe, na aongeze sehemu ya tano. Zakayo hakuombewa tu na kuachwa, alitangaza mwenyewe kurudisha mara nne. Naye Msamaria, ambaye hakuwa na kosa lolote, alilipa dinari mbili na kumwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Hakumwomba majeruhi asaini kwamba dinari mbili zinatosha. Kama asiyehusika alifanya hivyo, mwenye mnyororo anawezaje kumaliza mambo kwa bahasha?

Tena tunazo nyumba za wageni za namna hiyo kwenye barabara hii. Hospitali ya Ilula ya KKKT, iliyo juu kidogo ya Kitonga, na hospitali ya Ifisi kule Mbalizi zimekuwa zikipokea watu waliopondeka barabarani kwa miaka mingi. Hospitali ya misheni nayo inanunua dawa na kulipa wauguzi. Majeruhi akiachiwa bili na mwenye gari akaachiwa msamaha, anayelipa mwishoni ni maskini mwenzake anayefika baadaye na kukuta dawa zimekwisha.

Kwa hiyo mzee wa kanisa, ukiletewa karatasi ya namna hiyo wodini, kazi yako ni kusema: asubiri kwanza atoke dripu, asome mwanawe, aione mtu anayejua sheria. Mtu asiyeweza kumlipa wakili atafute wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, nao wapo wilayani. Kampuni ya bima ikikataa au ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Kuhusu kesi ya trafiki, watu wengi wanachanganya. Dereva anafikishwa mahakamani, anakiri kuendesha kwa uzembe, anapigwa faini, anailipa na kwenda zake. Familia ya majeruhi inarudi nyumbani na kusema kesi imekwisha. Faini ile imekwenda serikalini, mama hajapata hata senti, na kesi yake yeye haijaanza. Ila asiidharau. Sheria yetu ya Ushahidi inaichukua hukumu ya jinai iliyokamilika kuwa uthibitisho kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Maana yake ni kwamba mama akiomba nakala ya hukumu na kuiambatisha kwenye madai yake, dereva hawezi tena kubisha kwamba hakuwa mzembe. Nusu ya safari imekwisha kwa karatasi moja, nayo iko pale mahakamani inasubiri mtu wa kuiomba. Aombe pia ramani ya tukio na taarifa ya mkaguzi wa magari, na kama mtu ana picha ya ule mnyororo, aitunze. Mnyororo wenyewe hautaonekana tena baada ya wiki.

Na tusiwasahau wale wa Handeni, waliosimama kusaidia. Kuna wanaosema anayekwenda mwenyewe kwenye hatari asilalamike. Mwaka 1935 mahakama ya rufaa ya Uingereza ililikataa wazo hilo, katika kesi ya askari aliyejitupa kuwazuia farasi walioachwa bila mwangalizi wakakimbia barabarani kuelekea kwa wanawake na watoto. Walisema aliyeanzisha hatari alipaswa kutegemea kwamba mtu mwema atajitokeza, kwa hiyo mtu huyo naye ni jirani. Kwa hiyo dereva wa lori lililozima usiku pale Inyala, weka pembetatu zako mbali, mbele na nyuma. Matawi ya mti hayaakisi mwanga. Na ukiondoka, ondoa yale mawe uliyoweka kwenye magurudumu. Mwenye bodaboda anayekuja saa kumi alfajiri hajui kwamba ulikuwepo.

Limebaki suala la muda. Madai ya uzembe kwa aliyejeruhiwa yana kikomo cha miaka mitatu tangu siku ya tukio. Familia za waliokufa ziende mapema kuliko hapo, na anayetaka kuidai serikali au taasisi yake lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Kwa waliojeruhiwa Handeni Januari 2025, mlango unafungwa Januari 2028. Kwa wale wa Mbeya, ni mapema Juni mwaka huo huo. Kama mmoja wao anasali kwenye kanisa lako, mtafute leo baada ya ibada, umuulize kama karatasi zake ziko kamili.